Presha ya Bibi na Presha Yangu

Popote ulipo, kama uko dukani unasubiri wateja, jikoni unachagua mchele, au umebanwa katikati ya daladala, nipe sikio lako kwa muda. Leo sina habari za bunge wala za mpira. Nina kesi ya familia yangu, na nadhani hata kwenu ipo.

Mwaka jana, mwezi wa Juni, baridi ya kwetu Njombe ikiwa imekolea, nilimpeleka bibi yangu mzaa mama kwenye zahanati ya kijiji. Alikuwa analalamikia magoti. Umri wake bibi haujui kwa tarehe. Anasema alizaliwa wakati wa nzige, wale waliotua wakala mahindi mpaka mabua, na sisi kwa kujumlisha na kutoa tunampa miaka themanini na kitu. Kutoka nyumbani hadi zahanati ni mwendo wa nusu saa, na katikati kuna kilima. Nilitaka kuita bodaboda. Akakataa. Akasema magoti yake yanauma akikaa, akitembea yanalainika. Akashika fimbo yake akatangulia, nami nikamfuata huku nahema.

Tulipofika, nesi akamfunga bibi ule mkanda wa kupimia presha. Ukajaa upepo, ukashuka taratibu. Namba zikasoma 128 kwa 76. Nesi akatabasamu, akasema bibi huyu ni chuma. Kisha akanigeukia: "Na wewe baba, kaa hapo nikupime, kazi yenyewe dakika moja." Nikakaa kwa heshima tu. Namba zikasoma 156 kwa 98. Akaniambia nipumzike kidogo, akarudia. Hazikushuka. Akaniuliza umri. Nikamwambia 46.

Bibi alikuwa kimya muda wote ule. Nyinyi mnajua utani wa bibi na mjukuu wa kiume. Akanitazama, akasema: "Mume wangu, kumbe mgonjwa ni wewe. Mimi nimekusindikiza tu."

Foleni nzima ilicheka. Mimi nilicheka pia, lakini njiani wakati wa kurudi nilipewa mhadhara wangu. Kwamba wao hawakuwa na mapresha haya. Kwamba walikula ugali wa ulezi, maharage, viazi na mboga za majani, wakalima mpaka jua linazama, wakalala. Kwamba sisi tumeharibiwa na mafuta, soda na viti. Sikuwa na la kujibu. Ningemjibu nini mtu mwenye 128 kwa 76?

Msikilizaji, mhadhara huo umeusikia. Unasemwa misibani, vijiweni, hata kanisani na msikitini baada ya ibada. Wazee wanasema kizazi chao kilikuwa na afya na chetu kimeoza. Vijana wanajibu kwa simu zao: tazameni takwimu, zamani watu walikuwa wanakufa wakiwa na miaka 40. Kila upande una ushahidi. Mmoja ana bibi, mwingine ana namba. Leo nataka tuwasikilize wote wawili, kisha tutoe hukumu.

Tuanze na namba. Karibu na mwaka 1960, tulipokuwa tunaelekea kupata uhuru, wastani wa umri wa kuishi katika nchi yetu, Tanzania ya leo, ulikuwa takriban miaka 44. Leo unakaribia miaka 67. Yaani mtoto anayezaliwa sasa anatarajiwa kuishi zaidi ya miaka 20 juu ya yule aliyezaliwa wakati ule. Kijana akiisikia hesabu hiyo anaona kesi imekwisha. Lakini bibi naye anauliza: kama watu walikuwa wanakufa na miaka 44, mbona mimi nipo? Mbona mama yangu alizeeka mpaka akakosa meno? Bibi yuko sahihi kuuliza. Wastani ni neno lenye hila, na hila yake tutaiona nyumbani kwake mwenyewe.

Kama una kalamu ichukue. Kama unaendesha gari, iache, nisikilize tu.

Bibi yangu alizaa watoto wanane. Watatu walifariki wakiwa wadogo. Mmoja alikuwa na mwaka 1, mwingine miaka 2, mwingine miaka 3. Wawili walichukuliwa na surua iliyopita kijijini, mmoja na homa isiyojulikana jina. Waliobaki ni watano. Sasa tuseme, kwa mfano tu, kila mmoja wa hao watano amejaliwa miaka 70. Watano mara 70 ni 350. Ongeza ile miaka ya wale watatu, mmoja na miwili na mitatu, ambayo jumla yake ni 6. Tunapata 356. Gawanya kwa watoto wanane. Jibu ni 44 na nusu.

Umeona? Wastani ni miaka 44, na katika nyumba hiyo hakuna hata mtu mmoja aliyekufa akiwa na miaka 44. Kuna wazee watano na vilima vitatu vidogo vya udongo nyuma ya migomba.

Huo ni mfano, nami nimeurahisisha. Watu wazima nao walikufa mapema, hasa akina mama katika uzazi. Lakini kiini cha jambo ndicho hicho. Mauti ya zamani yalisimama mlangoni mwa maisha. Aliyefanikiwa kuupita mlango ule, surua ikamkosa, malaria ikamshindwa, kuhara kukamwacha, huyo alikuwa na nafasi nzuri ya kuzeeka. Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Kweli kabisa. Ila tunapovisifia vyombo vinavyoelea, tukumbuke kuwa vilivyozama havionekani, na havina mdomo wa kutusimulia. Bibi anaposema "sisi tulikuwa na afya", neno lake "sisi" linawahesabu walionusurika. Wale watatu hawamo.

Na wazazi wa zamani walilijua hilo kuliko sisi. Ndiyo maana tuna majina kama Mashaka, Shida na Tabu. Mzazi aliyekwisha kuzika hakuwa na haraka ya kumpa mtoto jina la furaha.

Ni nini basi kilichoufungua mlango ule? Jibu moja lipo kwenye mkono wa bibi. Akikunja mkono wa sweta utaona alama ya duara, ngozi iliyosinyaa kama imechomwa na kijinga cha moto. Ni alama ya chanjo ya ndui. Vijana wanaonisikiliza huenda hawajawahi kumwona mtu mwenye mashimo ya ndui usoni, na hilo lenyewe ni ushindi. Mtu wa mwisho duniani kuugua ndui kwa kuambukizwa katika maisha ya kawaida alikuwa jirani yetu wa Afrika Mashariki, Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali katika mji wa Merca, Somalia. Ilikuwa Oktoba 1977. Akapona. Mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza kuwa ndui imetokomezwa. Maalin alitumia miaka yake ya baadaye kuwashawishi Wasomali wenzake wawachanje watoto dhidi ya polio, na alikuwa katika kazi hiyo hiyo malaria ilipomuua mwaka 2013. Tafakari maisha hayo: ugonjwa mmoja ulikomea kwake, mwingine wa kale kuliko huo ukammaliza.

Hapa kwetu mpango wa taifa wa chanjo ulianza mwaka 1975. Lakini kabla ya hapo kulikuwa na jambo ambalo mtu wa redio kama mimi hawezi kulipita kimya. Mwaka 1973 nchi hii iliendesha kampeni iliyoitwa Mtu ni Afya. Watu walikusanyika kwa vikundi kuizunguka redio moja, wakasikiliza kipindi, wakasoma kijitabu, wakajadiliana, kisha wakainuka kwenda kufanya walichojadili. Walijifunza habari za malaria, kuhara, minyoo, kichocho na kifua kikuu. Viongozi wa vikundi waliofunzwa walikuwa wapatao 75,000, na washiriki karibu milioni 2. Vyoo vilichimbwa kwa mamia ya maelfu. Babu yangu alichimba chake mwaka ule. Bibi anasema alichimba huku ananung'unika, akiuliza serikali ina shida gani na haja za watu. Lakini alichimba, kwa sababu kikundi kilikuwa kinapita kukagua. Watoto wawili wa mwisho wa bibi walizaliwa wakati choo kipo na sindano ya surua inapatikana. Hao hakuzika.

Baadaye vikaja vyandarua vyenye dawa, zikaja Hati Punguzo za kuwapunguzia bei akina mama wajawazito, zikaja dawa bora za malaria na zahanati zikasogea karibu. Sikiliza matokeo yake. Mwaka 1999, katika kila watoto 1,000 waliozaliwa hai Tanzania, 147 walifariki kabla ya kutimiza miaka mitano. Katika utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 idadi hiyo ilikuwa 43. Katika kipindi kisichofika robo karne, zaidi ya theluthi mbili ya vifo hivyo imetoweka.

Na si vifo tu. Bibi yangu ana rovu, ule uvimbe wa shingoni. Wanawake wengi wa rika lake katika nyanda zetu za juu wanalo, kwa sababu udongo wa milimani hauna madini joto ya kutosha. Wanavaa kitenge kwa juu, shingo inafunikwa, maisha yanaendelea. Miaka ya 1990 chumvi ikaanza kuwekewa madini joto kwa sheria. Wajukuu wa bibi hawana rovu. Hakuna aliyepiga ngoma kushangilia. Chumvi iliingia jikoni kimya kimya ikafanya kazi yake.

Kwa hiyo hapa kijana ameshinda. Zamani hapakuwa na afya ya kuonea wivu.

Lakini usiondoke, msikilizaji. Bibi bado hajamaliza, na sasa naomba tumsikilize kwa makini, maana katika suala la presha bibi ana ushahidi kuliko anavyojua mwenyewe.

Mwaka 1929 daktari mmoja Mwingereza, Donnison, alichapisha matokeo ya kazi yake katika wilaya iliyoitwa Kavirondo Kusini, magharibi mwa Kenya. Alipima presha ya watu wapatao 1,000. Katika nchi za Ulaya presha ilijulikana kupanda kadiri mtu anavyozeeka. Kwa wanakijiji wale haikupanda. Wazee wao walikuwa na presha kama ya vijana wao. Kwa hiyo bibi anaposema wazee wa zamani hawakuwa na presha, hatungi hadithi.

Labda utasema ni damu, kwamba watu wale waliumbwa hivyo. Watafiti walijiuliza swali hilo hilo, na mwishoni mwa karne iliyopita wakarudi kwa watu wa maeneo ya Ziwa Victoria, safari hii kwa Waluo. Waliwapima vijana wakiwa kijijini, kisha wakawafuatilia wale waliohamia Nairobi kutafuta kazi. Damu ni ile ile, kizazi ni kile kile. Kilichobadilika ni anwani. Baada ya muda mfupi tu wa kukaa mjini, muda wa kuhesabu kwa miezi, presha za wahamiaji zilikuwa zimepanda kuliko za ndugu zao waliobaki. Mkojo wao ulionyesha chumvi imeongezeka mwilini, na ile potasiamu inayopatikana kwenye mboga, maharage na matunda imepungua. Uzito nao ulikuwa umeongezeka.

Mimi nilipousoma utafiti ule nilijiona. Nilihamia Dar es Salaam nikiwa na miaka 22. Asubuhi yangu ni chapati mbili na chai yenye sukari vijiko vitatu. Mchana wali kwa nyama, na kichupa cha chumvi kipo mezani, mkono unakifuata kabla ulimi haujaonja. Jioni nikichelewa, chipsi mayai. Kutoka kitandani hadi kitini ofisini natembea hatua ambazo bibi anazimaliza kwenda kisimani na kurudi mara moja.

Siko peke yangu. Uchunguzi uliofanywa katika vijiji sita vya Tanzania na kuchapishwa mwaka 1989 ulikuta wenye kisukari hawafiki mtu 1 katika kila watu wazima 100. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012, uliowapima watu wa miaka 25 hadi 64 mijini na vijijini, ulikuta 9 katika kila 100. Makundi hayo mawili hayalingani sawasawa, najua, lakini pengo hilo ni kubwa mno kulifunika kwa kisingizio. Na katika uchunguzi huo huo wa 2012, mtu mzima 1 katika kila 4 alikuwa na shinikizo la juu la damu. Ukipanda daladala yenye abiria thelathini, hesabu mwenyewe ni wangapi.

Kwa hiyo bibi ameshinda? Ngoja kidogo. Bibi anasema kijijini kwao hapakuwa na presha kabisa. Hapo nilimuuliza swali: yule babu wa jirani, aliyeanguka shambani akapooza upande mmoja, alikuwa na nini? Akasema alirogwa. Na yule mama mwuza pombe, aliyepinda mdomo usiku mmoja? Upepo mbaya ulimpiga. Msikilizaji, kiharusi kilikuwepo, ila kilikuwa na majina mengine. Miaka ya 1990 watafiti walifuatilia vifo katika sehemu za Dar es Salaam, Hai na Morogoro vijijini. Walikuta kwamba watu wenye umri wa kufanya kazi walikuwa wanakufa kwa kiharusi kwa kiwango cha mara tatu na zaidi ya watu wa umri huo Uingereza. Uingereza, nchi ya soseji na viti vya sofa! Huenda tofauti kubwa ilikuwa kwamba kule presha ilipimwa na kutibiwa, huku ilikuwa inangojwa mpaka ijitangaze yenyewe. Na presha ikijitangaza, huenda mgonjwa asipate nafasi ya pili.

Sasa kuna jambo nililipita haraka kwenye ile hesabu yetu. Nilisema tuwape wale watoto watano wa bibi miaka 70 kila mmoja. Hawakupewa wote. Mjomba wangu alifariki mwaka 1996 akiwa na miaka 34. Wakati ule hatukutaja jina la ugonjwa. Tulisema amechoka, tulisema kifua. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na hadi mwaka ule wa msiba wetu ugonjwa ulikuwa umefika kila mkoa, na Njombe yetu uliikalia hasa. Mauti yaliyokuwa yamefukuzwa mlangoni yaliingia kwa dirisha, yakawapita wazee wengi, yakachukua hasa wa katikati. Wastani wetu wa umri, uliokuwa umepanda tangu uhuru, ukarudi nyuma. Bibi, aliyekuwa amemaliza kulea, akaanza upya. Mjomba aliacha watoto wawili. Bibi alifunga tena kanga mgongoni akiwa na nywele nyeupe.

Dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure na serikali kwa mpango mpana mwaka 2004. Zilimkosa mjomba kwa miaka minane. Leo kuna watu walioanza dawa hizo wakiwa mifupa mitupu, na sasa ni wazee wa vikao vya harusi. Baadhi yao shida yao kubwa kliniki siku hizi ni presha na sukari, kama mimi na wewe. Hao ni kizazi ambacho hakuna aliyetarajia kukiona kikizeeka.

Naomba niseme na jambo la tatu, kwa sababu bila hili hukumu yetu itakuwa na upungufu. Tunazungumzia vizazi kana kwamba kila kimoja kina shamba lake. Sivyo. Afya yako ilianza kupandwa kabla hujazaliwa. Katika majira ya baridi ya mwaka 1944 kuamkia 1945, wakati wa vita, Wajerumani waliwazuilia Waholanzi chakula, na watu wa mijini wakashinda njaa kwa miezi. Watoto waliokuwa matumboni mwa mama zao wakati ule walifuatiliwa hadi uzeeni. Wengi zaidi miongoni mwao walipata matatizo ya sukari na ya moyo kuliko wenzao waliozaliwa kabla au baada ya njaa. Mwili ulioumbwa kwenye uhaba hujifunza kubana matumizi, na ukija kukutana na wingi hukosa pa kuuweka.

Hilo linatuhusu moja kwa moja. Mwaka 2022, karibu watoto 3 katika kila 10 wenye umri chini ya miaka mitano Tanzania walikuwa wamedumaa. Na kwetu Njombe, mkoa wa viazi, mahindi, maharage na maparachichi, ilikuwa karibu nusu yao. Chakula kipo, ila hakimfikii mtoto kwa namna anavyokihitaji. Mama yuko shambani toka alfajiri, mtoto anaachiwa uji wa mahindi matupu na dada yake wa miaka minane. Mtoto huyo hatakufa kwa surua, amechanjwa. Atakua, atapanda basi, atakuja mjini, atakutana na chipsi na kiti. Presha yake ya mwaka 2060 tunaipika leo katika sufuria ile ya uji.

Haya, msikilizaji, tutoe hukumu.

Kijana ana haki anaposema tunaishi zaidi. Bibi ana haki anaposema kuna maradhi tuliyojiletea wenyewe. Lakini wote wawili wanakosea wanapofanya jambo hili kuwa mashindano. Sikuzidiwa na bibi kwa sababu kizazi chake kilikuwa bora. Nilizidiwa kwa sababu yeye ni manusura aliyechujwa na chekeche kali, tena hajaacha kutembea. Na mimi niko hai leo, nimeketi hapa mbele ya kipaza sauti, huenda kwa sababu ya sindano ya surua ambayo wajomba zangu wawili waliikosa. Baba na mama zetu walitupa kliniki. Bibi zetu walitupa miguu na chungu cha maharage. Tulichofanya sisi wa katikati ni kuichukua kliniki kwa ajili ya watoto wetu, halafu sisi wenyewe tukaikwepa. Mwulize mwanamume yeyote wa miaka 45 mara ya mwisho alipimwa presha lini. Atakwambia alipougua. Mtoto wake kadi yake ina kila tarehe.

Tena kuishi zaidi si lazima kuwe kuishi na afya: Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa Mtanzania anaishi wastani wa miaka kama 8 au 9 ya maisha yake katika hali ya maradhi au ulemavu. Bibi alizaa wanane, na wazazi wake walipozeeka walikuwepo watu wa kuwabeba. Mimi nina watoto watatu, mmoja yuko Mwanza, mmoja anaota kwenda Kanada. Miaka hiyo minane ikinifika, nani atanishika mkono kupanda kile kilima cha zahanati?

Mimi nimeanza dawa, nameza kidonge kimoja kila usiku. Kichupa cha chumvi kimeondoka mezani. Wataalamu wanasema chumvi yote ya siku nzima isizidi kijiko kimoja cha chai, na ndani yake imo ile iliyojificha kwenye mkate na supu. Nashuka daladala kituo kimoja kabla ya changu. Mwezi uliopita namba zilisoma 134 kwa 84. Bibi alipiga simu, na hakuuliza hali yangu wala ya watoto. Aliuliza: "Mume wangu, zimeshuka?"

Basi ombi langu ni dogo. Wiki hii, kabla hatujakutana tena hapa, nenda kapime presha. Ikisoma 140 kwa 90 au zaidi, usipaniki, kipimo kimoja hakitoshi. Rudi siku nyingine upimwe tena, na ukiandikiwa dawa usiiache kwa sababu unajisikia vizuri. Presha haiumi, na hapo ndipo ubaya wake ulipo. Na unapokwenda, mchukue mzee wako mwende pamoja, apimwe na yeye. Usimwambie unampeleka. Huenda yeye ndiye anakusindikiza.